NJIA IKIFUNGWA, MTU ASIYEONA APITE WAPI?

Somo kwa mama wa kliniki



Kwenye benchi la kliniki munakaa mama wa namna nyingi. Mmoja ameleta mtoto kupimwa kilo, mwingine ana mimba ya miezi saba, mwingine amekuja kwa chanjo. Mara kwa mara katikati yenu kuna mama asiyeona, aliyetoka Kadutu kwa miguu, mtoto mgongoni na fimbo mkononi. Na kuna mama mwingine ambaye macho yake ni mazuri, lakini mtoto wake ni kipofu, naye amemwacha nyumbani kwa kuogopa barabara. Somo hili ni la hao wawili. Ni lenu pia ninyi wengine, kwa sababu ni ninyi munaokutana nao njiani, na baadhi yenu munatandika biashara kando ya barabara hiyo hiyo.

Mama asiyeweza kufika kliniki, mtoto wake hapati chanjo. Mtoto asiyetoka nyumbani hapati masomo, na miguu yake inalegea. Kwa hiyo kutembea si jambo dogo. Kutembea ni mlango wa afya.

Siku hizi watu wanasema kwamba telefone inaweza kumwongoza kipofu njiani. Wengine wanacheka, wanasema ni uongo. Wengine wanaamini kupita kiasi, wanafikiri kwamba mwenye telefone hana lazima ya fimbo tena. Wote wawili wanakosea. Jibu letu ni hili:

Telefone inakuambia uko wapi. Fimbo inakuambia kuna nini mbele ya mguu wako. Watu wanakuambia kimebadilika nini leo.

Vitu hivi vitatu ni kama mafiga matatu ya jiko. Ukiondoa figa moja, chungu kinaanguka. Sasa tuangalie moja moja.

1. KWA NINI NJIA ZA BUKAVU NI NGUMU?

Mji wetu umejengwa juu ya milima, kando ya ziwa Kivu, mahali palipo juu ya metre 1460 kutoka usawa wa bahari. Njia zinapanda na kushuka. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwezi wa tano mvua inanyesha, na maji yanateremka kwa nguvu kuelekea ziwa. Yanachimba barabara, yanabeba udongo, yanaacha shimo mahali ambapo jana palikuwa pazuri.

Hata ardhi yenyewe haikai. Kule Funu, udongo wa mlima unateleza polepole tangu miaka mingi, na wataalamu wameupima. Nyumba zinapasuka, na njia inainama pamoja nazo. Tena munakumbuka tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili, mwaka 2008, lililobomoa kuta nyingi.

Halafu kuna mikono yetu sisi wenyewe. Mtu anajenga, anamwaga mchanga na mawe barabarani. Mwingine anaondoa kifuniko cha mtaro wa maji, harudishi. Kamio inasimama mahali pa watu wa miguu. Mama anatandika nyanya na sambaza mpaka katikati ya njia.

Kwa anayeona, lundo la mchanga ni usumbufu wa hatua tatu tu. Kwa asiyeona ni jambo lingine. Yeye anafuata ukingo wa njia: ukuta, ama mtaro, ama majani. Ukingo ndio kamba yake. Lundo linamfanya aache kamba hiyo na kuingia mahali motokari zinapita. Akiisha kulizunguka, hajui tena kama uso wake unaelekea mbele ao unaelekea pembeni. Ndiyo sababu tunasema kwamba kwake yeye njia imefungwa, hata kama wengine wote wanapita.

Vita nayo inafunga njia. Mwezi wa pili mwaka 2025, kundi la M23 lilipoingia Bukavu, watu wengi walijifungia nyumbani, kwa sababu hawakujua barabara gani inapitika. Hakuna telefone inayoonyesha hatari ya namna hiyo. Siku hiyo ni masikio ya jirani yanayosaidia.

2. TELEFONE INAJUAJE NJIA?

Juu sana angani, karibu kilometre 20 000 kutoka hapa, kuna mashine zinazozunguka dunia mchana na usiku. Zinaitwa setilaiti. Serikali ya Marekani ndiyo iliyoziweka, na kazi yao pamoja inaitwa GPS. Zinazofanya kazi si chini ya 24, zimetawanywa ili kila mahali pa dunia paweze kusikia chache kati yao.

Kila setilaiti inatuma sauti isiyosikiwa na masikio ya mtu. Sauti hiyo inasema: «Mimi niko hapa, na saa ni hii.» Telefone inaisikia, inapima sauti ilichukua muda gani kufika, na kwa muda huo inajua umbali. Ikisikia setilaiti nne, inaweza kujua mahali iliposimama. Kusikiliza huko hakulipishwi. Hakuombi hata rezo.

Zamani Wamarekani walikuwa wanaharibu sauti hiyo kwa makusudi, ili watu wasio askari wao wasipate mahali kamili. Kosa liliweza kufika metre 100. Mwezi wa tano mwaka 2000 waliacha kufanya hivyo. Tangu hapo GPS imekuwa na faida hata kwa mtu wa miguu.

Lakini kujua mahali hakutoshi. Inahitajiwa pia ramani. Kuna ramani moja ya dunia nzima inayoitwa OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Watu wa kujitolea ndio wanaoichora, kila mtu kwao. Programu kama OsmAnd inatumia ramani hiyo. Unaiingiza ndani ya telefone mara moja, mahali penye rezo, na baadaye unatembea nayo bila kununua mega.

Kipofu anasomaje ramani? Haisomi, anaisikia. Ndani ya telefone nyingi za Android kuna programu inayoitwa TalkBack, na ndani ya iPhone kuna nyingine inayoitwa VoiceOver. Zinataja kwa sauti kila kitu ambacho kidole kinagusa. Zinasema Kifaransa, na telefone nyingine zinasema hata Kiswahili. Haziuzwi mbali, zimo tayari. Mwombe kijana anayejua telefone akuwashie na kukufundisha, polepole, siku kadhaa, ukiwa umekaa nyumbani. Usianze kujifunza barabarani.

3. MAMBO MATATU AMBAYO TELEFONE HAIJUI

Hapa musikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

La kwanza: haijui uko upande gani wa barabara. Mahali palipo wazi, telefone ya kawaida inakosea kwa metre kama tano. Karibu na majengo marefu, ao chini ya mtelemko mkali, inakosea zaidi, kwa sababu mlima unaficha sehemu ya anga. Sasa fikirini: njia nyingi za kartie zetu hazina upana wa metre tano. Telefone inaweza kusema uko mlangoni, kumbe uko katikati ya motokari.

La pili: haijui vizuri juu na chini. Kwenye mlima njia mbili zinaweza kukaribiana sana ukizitazama katika ramani, lakini moja inapita juu ya ukuta na nyingine chini yake. Telefone inasema: «Umefika.» Ni kweli, nyumba iko hapo, lakini iko chini ya miguu yako, na kati yenu kuna mtelemko mrefu kuliko mtu. Mwenye kuishi Kadutu anaelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mji wa tambarare.

La tatu: haijui habari za leo. Setilaiti haioni shimo. Inatuma saa na mahali pake tu. Na ramani ilichorwa siku fulani, na mtu fulani. Daraja likibomoka leo usiku, kesho asubuhi telefone itaendelea kukutuma huko, kwa sauti tulivu kabisa, kama kwamba hakuna kitu.

Je, basi telefone haina faida? Ina faida kubwa. Inakuambia jina la avenyi unayopita. Inakuambia kwamba bado metre 200 ufike kliniki. Ukiwa ndani ya taksi, inakuambia kama umekaribia mahali pa kushuka, usipitishwe mbali. Ukipotea, inakuambia nyumba yako iko upande gani. Mambo hayo fimbo haiyajui. Kila mmoja na kazi yake.

4. FIMBO NYEUPE

Kipofu ametembea na fimbo tangu zamani za babu zetu. Rangi nyeupe ndiyo mpya. Mwaka 1921, mtu mmoja wa Bristol, Uingereza, jina lake James Biggs, alipoteza macho, akapaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Mwaka 1931 kule Paris, mama mmoja, Guilly d'Herbemont, aliona vipofu wakiponea chupuchupu barabarani, akaanza kuwagawia fimbo nyeupe. Mwaka 1944, Mmarekani Richard Hoover aliwafundisha askari waliopofuka vitani namna mpya: fimbo ndefu, nyepesi, inayopapasa njia kabla mguu haujafika. Namna hiyo ndiyo inayofundishwa mpaka leo.

Urefu: ukisimamisha fimbo mbele yako, ifike katikati ya kifua. Fimbo fupi inakuonya kuchelewa. Kama huna ya kununua, mti mwepesi ulionyoka ao mwanzi unafaa. Upake rangi nyeupe, na ncha iwe ngumu ili itoe sauti.

Namna ya kuishika: mkono uwe mbele ya kitovu. Ncha iende kushoto na kuume, kwa upana wa mabega yako tu. Mguu wa kuume ukienda mbele, ncha iguse kushoto. Mguu wa kushoto ukienda, ncha iguse kuume. Hivyo kila mahali utakapokanyaga pamekwisha kupapaswa.

Fimbo ina udhaifu mmoja: haioni vitu vya juu. Bati la kioske, mlango wa kamio ulioachwa wazi, tawi la mti, vinakupiga usoni. Mahali pa namna hiyo weka mkono wa pili mbele ya uso. Mama, kama una mtoto mgongoni, usipite chini ya bati kwa kuinama haraka. Kichwa cha mtoto kiko nyuma yako na kinaweza kugonga. Na ukiwa na bwakuli kichwani, kumbuka kwamba urefu wako umeongezeka.

5. NJIA IKIFUNGWA: HATUA SABA

Wazee walisema: Mwenda pole hajikwai. Ukikuta njia imefungwa, fanya hivi.

Hatua ya 1. Simama. Usijaribu kupita kwa hasira wala kwa haya, hata kama watu nyuma yako wanasukuma.

Hatua ya 2. Papasa kwa fimbo ujue ni kitu gani: mchanga, maji, mawe, kamba, ao shimo. Kama fimbo haigusi chini, rudisha mguu nyuma. Hilo ni shimo, na hujui kina chake.

Hatua ya 3. Usizunguke ovyo. Linda upande unaoelekea. Mji wetu unasaidia hapo: mtelemko unakuambia. Kama ulipokuja njia ilikuwa inashuka, na sasa inapanda, ujue umegeuka. Sauti ya motokari nayo inakuonyesha barabara kubwa iko wapi.

Hatua ya 4. Uliza. Kuuliza si ujinga. Lakini uliza vizuri. Ukisema: «Njia iko wapi?» watajibu: «Pale!» na kuonyesha kwa kidole ao kwa midomo, nawe huoni kidole wala midomo. Sema hivi: «Mbele yangu kuna nini? Naweza kupita ku upande wa ukuta? Ni hatua ngapi?» Kama jibu linakutia mashaka, uliza mtu wa pili, na zaidi mama anayeuza hapo, kwa sababu ameketi mahali hapo tangu asubuhi.

Hatua ya 5. Rudi mpaka alama ya mwisho uliyokuwa na hakika nayo: mashine ya kusaga, kanisa, bomba la maji, butike yenye muziki. Anza tena kutoka hapo. Kurudi metre 50 si aibu. Wanaopotea ni wale wanaoendelea mbele bila kujua walipo.

Hatua ya 6. Tumia telefone sasa, ukiwa umesimama. Jihadhari: itakuambia mara nyingi urudi kwenye njia ile ile iliyofungwa, kwa sababu haijui kwamba imefungwa. Usishindane nayo. Ipe mahali pengine pa kwenda kwanza, kwa mfano Place Mulamba ao soko la Nyawera, ambapo unajua kwamba njia inapita kwingine. Ukifika hapo, ndipo uipe jina la kliniki.

Hatua ya 7. Kama hakuna njia nyingine ya miguu, panda moto ao taksi. Mwambie motari mahali pa kukushusha: si «karibu na hospitali», bali «mbele ya mlango mkubwa, upande wa ukuta». Acha telefone itaje majina ya avenyi mukiwa njiani. Hivyo utajua kama anakupeleka sawa.

Mahali penye askari na bariere, mambo ni mengine. Zima sauti ya telefone, iweke ndani ya nguo kabla ya kufika. Mtu anayesikiliza ramani mbele ya watu wenye silaha anaweza kuogopwa bure. Sema kwa sauti wazi: «Mimi ni mama kipofu, niko naenda ku kliniki,» na usimame mpaka ujibiwe. Kadi ya kliniki iwe karibu na mkono.

6. KUVUKA BARABARA

Telefone isikusaidie kuvuka. Wakati wa kuvuka inyamaze kabisa. Hapo ni masikio na fimbo tu, ao mkono wa mtu.

Kwetu Kongo motokari zinatembea upande wa kuume. Maana yake, ukianza kuvuka, za kwanza kukufikia zinatoka kushoto kwako. Ukiisha kupita katikati, zinatoka kuume. Rwanda na Burundi ni vile vile. Lakini ukienda kwa ndugu Uganda, Kenya ao Tanzania, ni kinyume: za kwanza zinatoka kuume. Mtu asiyeona anayevuka mpaka lazima ajue hili mbele ya yote.

Usivuke mahali barabara nyingi zinakutana, kama Place de l'Indépendance, kwa sababu hapo sauti zinatoka kila upande. Usivuke kwenye kona. Rudi nyuma kidogo, mahali barabara imenyoka. Visigino viguse ukingo, ili mwili wako uelekee ng'ambo sawasawa. Nyoosha fimbo mbele ionekane. Sikiliza mpaka kuwe kimya pande zote mbili. Halafu tembea kwa mwendo mmoja, usikimbie, usirudi ukiwa katikati.

Ujue masikio nayo yanaweza kudanganywa. Motari wengine wanaposhuka mlima wanazima mashine ili kupunguza esanse, na moto inakuja bila sauti. Mvua juu ya mabati inafunika kila kitu. Muziki wa butike pia. Wakati huo usivuke peke yako. Ngoja, ao omba msaada. Na vile vya kusikilizia vinavyowekwa ndani ya masikio, weka upande mmoja tu njiani. Sikio la pili libaki wazi.

7. TELEFONE IKIZIMIKA

Batri inakwisha. Umeme unakosekana siku nzima. Mwizi ananyakua. Kwa hiyo usiende popote kwa telefone mahali ambapo hungeweza kurudi bila telefone.

Kule Kikuyu, nchi ya Kenya, kuna mkimbiaji asiyeona anayeitwa Henry Wanyoike. Alizaliwa akiona. Mwaka 1995 alipata ugonjwa wa ghafula wa ubongo, akapoteza macho. Alihuzunika sana. Lakini alisaidiwa katika hospitali ya macho ya Kikuyu, ambayo ni hospitali ya kanisa la Presbiteri, akajifunza kuishi upya. Mwaka 2000 alikwenda Sydney, Australia, kwa michezo ya watu wenye ulemavu, akakimbia metre 5000. Mkimbiaji kipofu anafungwa kamba mkononi pamoja na mwongozi anayeona. Karibu na mwisho, mwongozi wake, aliyekuwa amedhoofishwa na malaria, aliishiwa nguvu. Wanyoike hakusimama. Alimvuta mwongozi wake mpaka mwisho, akashinda zahabu.

Telefone ni mwongozi. Siku moja itachoka njiani. Siku hiyo mwenye kuongozwa lazima awe na njia ndani ya kichwa chake, ili aivute telefone mpaka nyumbani.

8. KWA MAMA MWENYE MTOTO KIPOFU

Usimfungie. Tunajua unampenda na unaogopa. Lakini mtoto ambaye hatembei hajifunzi kusimama imara, na akiwa mkubwa barabara itamshinda kweli. Anza angali mdogo.

Akiwa wa kutambaa, mwite kutoka pembe moja ya nyumba aje kwa sauti yako. Akianza kutembea, mpe kijiti chake. Akiwa wa miaka minne ao mitano, mtaje njia mukitembea pamoja: «Hapa ni mashine ya kusaga. Sikia. Hapa ni mandazi. Nusa. Hapa njia inashuka. Sikia miguu yako.» Kesho yake mwache yeye akuambie wewe. Usimfundishe kuhesabu hatua tu, kwa sababu hatua zake zitarefuka kadiri anavyokua. Alama hazirefuki.

Halafu mfundishe njia mbili za kufika mahali pamoja, kwa mfano masomo. Mwenye njia moja tu, njia ikifungwa amefungwa naye. Mwenye mbili ana shauri. Akiwa mkubwa, simama naye kwenye kila alama na kuitia alama hiyo ndani ya telefone: nyumba, kanisa, kliniki, bomba la maji.

Musisahau pia kwamba upofu mwingi wa watoto unazuilika. Mlete mtoto kwa vitamini A kila miezi sita, tangu miezi sita mpaka miaka mitano, na kwa chanjo ya surua akiwa wa miezi tisa. Mpe mafuta ya mawese mekundu, lengalenga, sombe, papai, karoti. Mtoto mchanga akitoka usaha machoni, ao mboni ikiwa nyeupe, umlete siku hiyo hiyo. Usitie dawa ya majani wala maziwa ndani ya jicho.

9. NA WEWE UNAYEONA?

Usimshike kipofu kwa nguvu na kumvuta. Usishike fimbo yake. Ni kama kushika macho ya mtu. Usimsukume mgongoni. Muulize kwanza, halafu mpe kiwiko chako akishike, wewe utangulie nusu hatua. Kwa mfano:

— Jambo mama. Unataka kuvuka?

— Jambo mama. Ndiyo, niko naenda ku kliniki. Unipatie kiwiko chako, fimbo uniachie.

— Sawa. Tungoje kwanza, kamio iko inapita... Sasa twende. Hapa kuna kupanda kidogo.

— Aksanti.

— Tumefika ng'ambo, mama. Ukuta uko ku kuume yako. Mbele, karibu na bomba, kuna shimo la mvua ya jana. Ukae ku upande wa ukuta.

— Aksanti sana mama. Ubaki muzuri.

Munaona? Mama huyo alisema neno moja ambalo setilaiti zote za angani hazingelisema: «shimo la mvua ya jana».

Na ukitandika biashara, acha njia ya upana wa watu wawili kando ya ukuta. Ukifukua mtaro, rudisha kifuniko. Ukimwaga mchanga, weka tawi ao mti unaolala chini mbele yake, fimbo iukute mapema.

KUMBUKENI

Telefone: uko wapi. Fimbo: kuna nini mbele ya mguu. Watu: kimebadilika nini leo.
Njia ikifungwa: simama, papasa, uliza, rudi kwenye alama, anza tena.
Kuvuka: telefone inyamaze, masikio yawe wazi.
Mtoto kipofu: njia mbili kwa kila mahali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Telefone imesema umefika, lakini fimbo haigusi chini. Utaamini nini? Kwa sababu gani?
2. Katika avenyi yenu kuna nini kinachofunga njia ya mtu asiyeona? Nani anaweza kukiondoa wiki hii?
3. Mtu akikuuliza njia naye haoni, utamwambia namna gani bila kusema «pale» wala «kule»? Jaribuni hapa hapa: mmoja afunge macho, mwingine amwongoze kwa maneno tu mpaka mlango wa kliniki.
4. Je, katika kartie yenu kuna mtoto kipofu ambaye hajaonekana nje tangu siku nyingi? Mumutembelee mama yake, na mumuletee karatasi hii.